Mishale ya Ukuta wa Kaskazini

Chuoni, Idara ya Miamba
Tarehe 3 Februari

Mpendwa Robo,

Natumaini jina hilo bado unaliitikia. Mimi ndiye niliyekupa, mwaka wako wa kwanza, siku ulipochora mshale kwenye jiwe kufuata mteremko badala ya kufuata mlalo unaoukatiza, ukakosea kwa robo duara kamili. Darasa zima lilicheka. Wenzako wengine hunikumbusha hadi leo.

Nakuandikia kwa jambo la kitaaluma. Kitabu changu kuhusu graniti ya Kilima kimefika mwisho. Humo nimeeleza jinsi mwamba ule ulivyopanda kutoka chini ukiwa bado uji wa moto, wakati ganda la dunia la eneo zima likikamuliwa kutoka mashariki na magharibi, na jinsi fuwele zake zilivyolala kaskazini hadi kusini zikagandia hapo. Kimebaki kipande kimoja tu: ncha ya kaskazini, ambayo sasa imo ndani ya machimbo unakofanyia kazi. Bosi wako hapokei watafiti. Aliniambia kwamba sisi huja na nyundo na kuondoka na hadithi. Hata angenipokea, magoti yangu siku hizi hayakubali hata ngazi za maktaba.

Niletee mawe kumi na mawili kutoka ukuta wa kaskazini. Kila jiwe lichorwe mshale na kuandikwa uelekeo wake kabla halijang'olewa. Huna haja ya kueleza chochote. Kuelewa niachie mimi. Jina lako litakuwa kwenye ukurasa wa shukrani.

Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Wako,
Profesa


Machimboni
Tarehe 12 Februari

Mdogo wangu Fundi,

Weka mkasi chini kabla hujasoma, usije ukaharibu kitambaa cha mtu kwa hasira zangu.

Yule mzee kaniandikia. Eti yaliyopita si ndwele! Aseme hivyo aliyeumwa, si aliyeuma.

Unakumbuka siku niliyokueleza utafiti wangu jikoni? Uji mzito, njiti za kiberiti ndani yake, vibao viwili vya kukatia mboga. Ukiukamua ule uji, njiti zote zinalala kuikwepa nguvu, na uji ukiganda zinabaki hivyo hivyo. Ukirudi kesho hujui nani alikamua, lakini unajua alikamua kutoka upande gani. Graniti nayo ni hivyo. Hilo ndilo nililolisema mbele ya jopo la shahada ya uzamivu. Na yeye, msimamizi wangu, aliyepaswa kukaa upande wangu, akasimama akasema graniti ile iliingia wakati ganda la dunia limeshatulia, na kwamba binti huyu kaandika mashairi. Wakanifelisha. Hata viatu nilivyonunulia mahafali vilikuwa havijaisha harufu ya duka, wazo lile lile likatoka kwa jina lake. Mchoro ulikuwa wangu, Fundi. Alifuta jina langu pembeni akaacha mistari.

Mimi nikaja huku kuwaonyesha watu mahali pa kutoboa mashimo ya baruti.

Mawe atayapata. Lakini sikiliza kazi yetu ilivyo. Jiwe likishatoka ukutani halijui tena kaskazini ni wapi, linajua mshale wake tu. Anayelipokea hana budi kumwamini aliyeuchora. Basi nitaigeuza mishale. Mmoja kushoto, mwingine kulia, mingine kichwa chini miguu juu. Kitabu chake kitakuwa kichekesho, na safari hii darasa litamcheka yeye. Nimecheka peke yangu hadi mlipuaji baruti akaniuliza kama nimepata mchumba.

Usimwambie Mama.

Dada yako


Nyumbani
Tarehe 20 Februari

Dada,

Shikamoo. Mkasi niliuweka chini, kisha nikauokota tena kwa hasira.

Usifanye hivyo. Si kwa ajili yake. Yeye hata akipotelea mbali sitoi chozi. Ni kwa ajili yako. Wewe ndiye uliyekataa kusema gauni langu la kwanza kushona limenikaa vizuri, kwa sababu lilikuwa halijanikaa vizuri, nikalia siku mbili. Ukidanganya juu ya jiwe utabaki na nini? Na akigundua atasema: mnaona sasa, ndiyo maana tulimfelisha. Utakuwa umempa fimbo ya kukuchapia.

Mama hajambo. Jana muuza mkaa kapita akamwita "Mama Dokta!" na yeye akaitika kwa sauti ya watu watatu. Wewe unakaa huko na baruti zako, huyasikii haya. Siku ile ya jopo alikuwa amelazwa, tukasema ataambiwa akipona. Alipopona alikuwa ameshaitangazia wodi nzima kwamba mwanawe ni dokta. Kila nikifungua mdomo anapita mtu anamwita tena. Juzi ameniuliza mbona kwenye bahasha zako huandiki Dokta. Nikamwambia ni unyenyekevu. Amefurahi sana, sasa anawasimulia watu na unyenyekevu wako.

Mpe yule mzee ukweli, hata kama utamfaa.

Mdogo wako,
Fundi


Machimboni
Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu Fundi,

Umeshinda. Nilikwenda ukutani na dira, rangi nyekundu na roho mbaya. Nikaweka dira kwenye jiwe la kwanza, mkono ukagoma. Nikachora mshale wa kweli. Nikamtukana. Nikachora wa pili, nao wa kweli, nikamtukana tena. Vijana wa mashine walidhani natukana mwamba.

Lakini kuna jambo. Ukuta ule tumeufungua majuzi tu, na sikuwa nimewahi kuusogelea na dira. Fuwele zake hazilali kaskazini hadi kusini. Zinalala mashariki hadi magharibi, zote, tena zimevutwa hadi zimekuwa nyembamba mfano wa mbegu za tango. Nilizunguka asubuhi nzima, nikapima upya, nikabadilisha dira, nikaivua hata saa yangu nikidhani chuma chake ndicho kinaivuta sindano. Jibu ni lile lile. Ncha hii ya graniti iliingia mwisho, na ilikuwa bado laini ilipokuja nguvu ya pili, safari hii kutoka kaskazini. Ganda la dunia lilikamuliwa mara mbili, Fundi, na mwamba mmoja umezitunza zote mbili! Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia kwa furaha.

Utafiti wangu wa zamani uliona nguvu moja tu. Na huo ndio alioiba. Mwizi wetu kaiba gauni la mkono mmoja na anataka kulivaa mbele za watu.

Mawe kumi na mawili nimeyafunga kwenye sanduku. Kila mshale ni wa kweli. Maelezo sikutia. Alisema nisieleze.

Dada yako


Chuoni, Idara ya Miamba
Tarehe 28 Machi

Mpendwa Robo,

Mawe yamefika salama, na nimecheka ofisini mpaka katibu wangu akachungulia. Yote kumi na mawili mishale yake inasema mashariki hadi magharibi! Mazoea yana taabu, binti yangu. Miaka yote hii, baruti zote hizo, na bado unachora kufuata mteremko.

Usijali. Nimepitisha wino wangu mweusi juu ya rangi yako, nimeugeuza kila mshale robo duara, na tazama, kila jiwe sasa linasema kaskazini hadi kusini, sawasawa na kitabu. Mwamba haukosei, mshika dira ndiye anayekosea.

Mchapaji ananisubiri. Nijibu kwa mstari mmoja tu, unithibitishie kwamba ulirudia kosa lile. Usione haya. Sitalitaja kitabuni.

Wako,
Profesa


Machimboni
Tarehe 6 Aprili

Profesa,

Shikamoo.

Wewe ndiye uliyenifundisha kushika dira. Unajua mwenyewe ninavyoishika.

Mwanafunzi wako,
Robo


Nyumbani
Tarehe 19 Aprili

Dada,

Shikamoo, ingawa leo nakupa shingo upande.

Nimesoma mstari uliomwandikia, ulivyoninakilia kwa maringo na tabasamu ulilolichora pembeni. Nilikusifu bure. Nilidhani umemshinda shetani, kumbe mmekwenda kunywa naye chai. Ulijua. Tangu unafunga lile sanduku ulijua kwamba mzee yule yuko radhi kuamini wewe hujui dira kuliko kuamini yeye hajui mwamba. Hukumtegea uongo, umemtegea ukweli, na ameuingia mzima mzima na miwani yake.

Mtu akielekea shimoni, ukamwambia "wewe ndiye mjuzi wa njia", hujamwokoa. Umemsukuma kwa adabu.

Bado unaweza kumwandikia. Kitabu hakijatoka. Nakuomba. Na Mungu anisamehe, maana wakati nakuandikia haya nimecheka hadi nikashona mkono wa blauzi ya mteja kwenye kola.

Mdogo wako,
Fundi


Chuoni
Tarehe 2 Agosti

Mwanafunzi wangu,

Sijui nikuite nani. Nimeandika salamu mara nne na kuzichana.

Siku ya kuzindua kitabu niliwaalika wataalamu kutoka vyuo saba. Ratiba ilikuwa kuwatembeza upande wa kusini, ambako kila fuwele inakubaliana nami. Asubuhi hiyo hiyo bosi wako, asiyepokea watafiti, akawatumia basi na mwaliko wa chai. Nani alimshawishi? Usinijibu.

Uliwaona mwenyewe wakitoa dira zao. Walirudi chuoni wakaomba kuyaona mawe, na chini ya wino wangu mweusi wakaona rangi yako nyekundu. Sasa wanasema niligeuza mishale ili mwamba ukubaliane na kitabu. Kitabu kimeondolewa madukani. Kikao cha nidhamu ni mwezi ujao. Katibu wangu hanichungulii tena, anafunga mlango wake.

Nakuomba jambo moja. Waandikie kwamba ulikosea mishale, ukagundua baadaye, ukaniomba niigeuze, na kwamba mimi nilitii tu ombi la aliyekusanya mawe. Litakuwa kosa la mtu wa machimbo, hakuna atakayekuadhibu. Nami nitafungua faili la utafiti wako. Wazee wawili wa jopo bado wapo na wananisikiliza. Nitasema tulikosea. Kabla mwaka haujaisha utakuwa Dokta, kwa haki, kwa kazi ile ile tuliyoikataa.

Niliisoma upya jana. Ilikuwa kazi nzuri. Nilijua tangu siku ile.

Profesa


Machimboni
Tarehe 10 Agosti

Mdogo wangu Fundi,

Nimekuwekea barua yake ndani. Soma mstari wa mwisho. Alijua tangu siku ile.

Sikukusimulia siku ya wageni, nilikuwa naiweka niile taratibu. Basi lilisimama chini ya ukuta. Mimi nilikuwa nyuma na kofia yangu ngumu, nimeshika birika la chai kama mhudumu. Bibi mmoja mgeni, mwenye mvi, akaweka dira ukutani. Akaitoa. Akaiweka tena. Akahamia pengine, akaweka mara ya tatu, kisha akamkabidhi Profesa na kumwambia, "Soma wewe." Mzee akasoma moyoni. "Sema wasikie," bibi akamwambia. Mzee akaishusha dira. Akageuka akanitafuta kwa macho, akanipata, nami nikamuuliza kama anataka sukari.

Nilidhani nitashiba, Fundi. Sikushiba. Nilitaka aanguke tena, pale pale, mbele ya wale wale.

Na sasa hili la shahada. Nimeliota mara nyingi kuliko nilivyoota mume. Uongo mmoja mdogo, na Mama anaitika jina lake halali. Mkono unaniwasha. Niambie.

Dada yako


Nyumbani
Tarehe 18 Agosti

Dada,

Shikamoo.

Kubali.

Najua ni mimi niliyekukataza kudanganya juu ya mawe. Lakini wewe huamki na Mama. Wiki iliyopita amemshika mkono binti wa jirani aliyefeli mtihani, akamwambia, "Mwanangu ni dokta na alizaliwa kwenye nyumba hii hii inayovuja, usikate tamaa." Yule mtoto akaondoka anapiga mluzi. Mimi nikaingia ndani nikakanyaga cherehani bila uzi, nisikie kelele tu.

Uliandika mstari mmoja kumwangamiza mtu. Andika mmoja mwingine utuponye sisi. Yule mzee ataponea hapo, ndiyo, lakini atakuwa amesema kwa mdomo wake kwamba walikosea. Si hicho ulichokitaka?

Ukikataa, uje wewe mwenyewe umwambie Mama. Mimi sitaweza.

Mdogo wako,
Fundi


Machimboni
Tarehe 27 Agosti

Profesa,

Sikuamkii. Nimekuamkia vya kutosha.

Mishale yangu ilikuwa sawa. Nilijua utaigeuza, na uliponiuliza nilikwepa kujibu kwa makusudi. Ukitaka kukiambia hicho kikao, kiambie. Nitakuja nikiri kwa sauti. Lakini sitaandika kwamba nilikosea. Nilikosea mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na tisa, na umeniita kwa kosa hilo maisha yangu yote.

Unaniambia utanipa kwa haki shahada ambayo bei yake ni niseme uongo. Ulininyima kwa uongo, unataka kunirudishia kwa uongo. Kaa nayo. Bibi mwenye mvi ameniomba niandike habari za ukuta wa kaskazini, zile nguvu mbili, kwa jina langu. Naandika kila siku baada ya kazi. Bosi amekubali kuuacha ukuta bila baruti. Anasema wageni walimsifia chai.

Sijakuonea huruma. Nimejaribu, kwa kuwa mdogo wangu ana moyo mzuri na ningependa kufanana naye. Nimekaa nikakuwaza peke yako ofisini, mlango wa katibu umefungwa, na nilichokiona ndani yangu ni furaha tupu. Nimeiacha ilivyo.

Kesho napanda basi kwenda kumwambia mama yangu kwamba mimi si dokta. Hilo ndilo uliloniachia nilibebe, na ndilo la mwisho nitakalolibeba kwa ajili yako.

Yangu na wewe yameisha.

Mkuu wa miamba, Machimbo


Nyumbani
Tarehe 5 Septemba

Profesa,

Mimi ni mama yake. Anayeshika kalamu ni mwanangu mdogo, fundi, maana macho yangu hayaoni tena mstari. Maneno ni yangu na nimemkataza kuyapamba. Hapa analia, lakini anaandika.

Mkubwa wangu amefika. Alinikalisha kitandani akanishika mikono yote miwili, nikajua kuna mtu kafa. Akaniambia yote, tangu siku ya jopo hadi siku ya chai. Hawa wawili walikuwa wameweka maji tayari, wakidhani nitazimia. Maji nimeyanywa. Halafu nikawagombeza kwa kunificha, tukamalizana. Hao ni wangu.

Umebaki wewe.

Nimeitika "Mama Dokta" sokoni, msibani na kwenye foleni ya hospitali. Nimewaambia watoto wa watu wakaze buti wawe kama wangu. Sasa nani atawaeleza? Binti yangu anasema atawaeleza yeye. Hawezi, alishasema ukweli wake kwa watu wanane wa jopo lenu na mkamfelisha. Mimi pia sisemi, kwa kuwa sikuiba kitu. Utasema wewe.

Njoo. Tutaanza kwa muuza mkaa, kisha nyumba kwa nyumba. Kila mlango utaamkia kwa heshima, utavua kofia, utasema: kazi ya binti wa mama huyu ilikuwa nzuri, nilijua ni nzuri, nikamnyima, kisha nikaiiba. Mimi nitakuwa hapo nyuma nikisikiliza kama unameza neno. Ukimeza, tutarudia mlango huo. Usije na shahada mfukoni, hatuitaki ipite mkononi mwako.

Usipofika kabla mwezi haujaisha, nitakuja mimi huko chuoni. Nitakaa mlangoni na mkeka wangu, na kila mwanafunzi atakayepita nitamsimulia mwanzo hadi mwisho. Sina haraka na sauti yangu haijapungua.

Binti yangu anasema yake na wewe yameisha. Sawa, hayo ni yake. Mimi ndiyo kwanza nimepata anwani yako.

Mama yake